Rada Chini ya Shimo la Choo

Mwanangu alikuwa amechuchumaa kwenye muktadha. Hivyo ndivyo nilivyotangaziwa. Nilikuwa nimeinamia sufuria ya maharage jikoni, jiko letu liko nje, nikasikia yule dada wa chuo, mmoja wa wachimbaji waliojaa uani kwetu, anapiga kelele kama mtu aliyekanyaga nyoka.

"Mama! Mama, njoo! Mtoto anachafua muktadha!"

Nikatoka mbio na mwiko mkononi. Nilidhani muktadha ni chombo chao, labda mtoto kakivunja. Nikamkuta binti yangu, miaka mitatu na kidogo, chupi ipo magotini, kachuchumaa katikati ya mtaro waliouchimba nyuma ya nyumba, anajisaidia zake taratibu. Akanitazama kwa uso wa mtu ambaye hajakosea. Na kwa kweli hakukosea. Nilimfundisha kwa miezi kwamba haja haifanywi popote, haja inafanywa shimoni. Kaona shimo uani kwao, kingo zimenyooka, kina kinamtosha. Kafanya.

"Tulikuwa hatujauchukulia sampuli udongo wa tabaka hili," yule dada akasema, sauti inataka kulia, mkono ameunyoosha kwenye udongo. "Muktadha wote umeharibika."

Mie muktadha naujua. Nimesoma mpaka kidato cha nne. Muktadha ni wa kwenye fasihi, eleza maana ya neno kwa kuzingatia muktadha. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba muktadha unaweza kunyewa.

Nilimtoa mwanangu, nikamsafisha, nikampeleka ndani kwa bibi yake. Halafu nikarudi. Nikashika kigingi cha kwanza, nikaking'oa. Nikashika cha pili. Kamba yao nyeupe, ile waliyoipimapima asubuhi nzima, nikaivuta yote nikaizungusha kwenye kiwiko kama naanua kamba ya nguo. Baadaye watu walisema nilitukana. Sikutukana. Nilisema kitu kimoja tu, ila nilikisema kwa nguvu mpaka fundi cherehani wa ng'ambo ya njia akaacha mashine yake akatoka nje kuangalia.

"Nataka choo! Leo! Nataka choo changu!"

Sasa ngoja nieleze, maana nikiishia hapo nitaonekana mwendawazimu, na mtaani kwetu wapo wanaoamini hivyo.

Tunaishi Boko, upande wa kuelekea baharini, kwenye kipande ambacho ukichimba kidogo tu jembe linagonga matumbawe. Nyumba ni ya mama mkwe wangu, aliachiwa na baba yake. Mume wangu ni mtu wa gereji, anafanya kazi kule Mtoni, anaondoka kabla mtoto hajaamka. Kwa hiyo mambo ya nyumbani ni yangu na mama mkwe. Tunaelewana. Tungekuwa hatuelewani, hadithi hii ingekuwa nyingine.

Mvua za masika zilipoisha, choo chetu cha shimo kikatitia. Hakikuanguka. Kiliinama upande mmoja, sakafu ikapasuka, na ukiingia unasikia mchanga unamwagika huko chini. Tukaacha kukitumia. Tukaanza kwenda kwa jirani.

Kwa jirani siyo mbali, lakini uende na kopo la maji mkononi, upite mbele ya fundi cherehani na wateja wake, ukate kona ya duka, mtaa mzima unajua unakokwenda na unakwenda kufanya nini, kutokana na mwendo wako. Mie ni kijana, naweza kutembea haraka. Mama mkwe ana magoti mabovu. Yeye safari hiyo anaipanga kama mtu anayesafiri mkoa. Jirani wiki ya kwanza alikuwa mwema. Ya pili akaweka kufuli na ufunguo ukawa unakaa kwake ndani, unabisha hodi, unasalimiana, unaulizia watoto, ndipo unaomba. Ya tatu akaanza utani, na utani wake nitausema mbele.

Tukatafuta fundi wa kuchimba choo kipya. Akachagua sehemu nzuri, nyuma ya nyumba, mbali na kisima cha jirani. Alichimba siku moja na nusu, akafika kiunoni, sururu ikagonga kitu ikatoa cheche.

"Sista," akaniita. "Hapa pana zege."

"Matumbawe hayo, fundi."

"Matumbawe nayajua mie. Hili zege. Lina boliti."

Akapangusa kwa kiganja. Ilikuwa kona, imenyooka kabisa, na boliti nne zinene kama dole gumba zimesimama, zimeota kutu. Akaligonga na nyundo mara mbili, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Hili siyo zege la mtu wa hapa. Aliyemwaga hili hakubania simenti."

Nilimwambia alivunje. Akasema kwa nyundo yake haliwezekani, na akapanda juu kunawa. Na fundi akishanawa mchana wa saa sita, ujue kazi imekwisha.

Habari ilienea kabla maji hayajakauka mikononi mwake. Wakaja waliosema ni mali ya Mjerumani, chini yake kuna sanduku la rupia. Wakaja vijana wawili wamevaa makoti kwenye jua lile, wana sumaku kwenye mfuko wa rambo, wanauliza kwa kunong'ona kama tunayo mekyuri, zebaki ya kuuza kwa mamilioni. Niliwafukuza na fagio. Mmoja akaniambia, "Dada, umekalia utajiri." Nikamwambia sijakalia chochote, hilo ndilo tatizo langu, sina pa kukalia.

Mjumbe wetu akaogopa kwamba watu watakuja kuvunja nyumba usiku. Akapeleka taarifa anakojua yeye. Siku chache baadaye akampigia simu mama mkwe kumwambia kesho watakuja watu wa chuo. Simu ya mama mkwe spika yake mbovu na mtandao siku hiyo ulikuwa unakatakata. Yeye alisikia watu wa choo.

Jamani, alifurahi. Aliamka akafagia uwanja mzima, akachemsha chai ya tangawizi, akatoa mkeka mpya. Mie asubuhi hiyo nilimpeleka mtoto kliniki, sikuwepo. Walipofika na gari lao, sepetu na ndoo, mama mkwe akaona hawa ndio wenyewe.

"Karibuni wanangu, tumewasubiri mno! Shimo lile pale. Chimbeni mpaka mridhike."

Kiongozi wao ni baba wa makamo, kofia pana, daftari halimtoki mkononi. Alinisimulia mwenyewe baadaye kwamba alishikwa na furaha mpaka akamshika mama mkono kwa mikono yake miwili. Alisema kwingine kote wanakokwenda wanaulizwa maswali, wanafukuzwa, wanaitwa wezi wa mali. Hajawahi kuambiwa chimbeni mpaka mridhike. Akatoa karatasi ya ridhaa, mama mkwe akasaini, wakanywa chai.

Nilirudi nikakuta watu wanane uani kwangu, wamepiga magoti, wanalipiga zege mswaki.

"Mama, hawa nani?"

"Watu wa choo."

"Mbona wanapiga mswaki?"

Akawatazama kidogo. "Sijui, mwanangu. Labda ndiyo choo cha kisasa."

Nilipomfuata yule kiongozi kumuuliza, akanieleza kwa adabu sana. Wao ni watu wa akiolojia, wanafukua vitu vya kale ili kujua watu waliishije. Na hili zege siyo la Mjerumani. Ni la Mwingereza, la Vita Kuu ya Pili. Hapa palikuwa na kituo cha rada cha kutazama meli na ndege za adui zinazokuja kutoka baharini. Juu ya boliti zile ulisimama mtambo. Alikuwa na nakala ya ramani ya zamani, na kweli ufuo ulionekana, ila mahali ilipo nyumba yetu palikuwa na kiboksi kidogo chenye namba.

Mama mkwe akasikia. "Rada ndiyo nini? Hapa palikuwa na redio. Baba yangu alikuwa mlinzi wa redio."

"Rada, mama."

"Redio. Baba yangu alilinda kitu asichokijua?"

"Ilikuwa inaona mbali, mama. Inatuma mawimbi, yanagonga meli, yanarudi. Kama unavyopiga kelele kisimani ukasikia sauti yako."

Mama akafikiri. "Haya. Basi ni redio inayoona."

Yule baba akacheka, halafu akaacha kucheka, akaandika. Akasema mama amepatia kuliko alivyopatia yeye, maana wakati ule jina la rada lilikuwa bado geni na kazi yenyewe ilikuwa siri, na yawezekana kabisa walinzi waliambiwa tu kwamba ni redio.

Nilikaa pale nimempakata mtoto, sielewi nani amemshinda nani. Na mpaka leo jambo hilo linanichanganya. Babu yake mume wangu alisimama hapa na rungu, jua na mvua, analinda kitu ambacho hata jina lake la kweli hakuambiwa. Alikufa anakiita redio. Sie tumeanika nguo juu yake miaka yote, tumepika vyakula vya harusi juu yake. Na mie nilitaka kuweka choo juu yake. Je, hilo ni kosa? Nilijiuliza kwa kweli. Nikajijibu siyo kosa, halafu nikawaza kama nimejijibu haraka kwa sababu nimebanwa.

Sitadanganya, kuna siku nilipenda kazi yao. Walifukua ngazi moja ya zege, na pembeni yake kulikuwa na vishimo vidogo vidogo vimepangwa mistari minne. Yule dada wa chuo aliandika kwenye kadi, vishimo, kazi yake haijulikani. Dada wa watu ametokea huko bara, mpole, mchapakazi, ana kofia iliyoandikwa jina la mafuta ya kula. Mama mkwe akashuka na magoti yake yale, anashikilia bega langu, akaweka vidole kwenye vishimo.

"Bao hili," akasema. "Wamelichonga zege halijakauka."

Akapitisha vidole shimo kwa shimo, kama anayegawa kete. Baba yake aliwahi kumwambia kwamba alikuwa akimfunga bao Mzungu mmoja wa redio kila Jumapili, na yeye miaka yote alijua baba anawapiga fiksi, hadithi za kutunga. Yule dada akafuta kadi, akaandika upya, akamwomba mama aeleze yote anayokumbuka. Walikaa barazani mchana kutwa, mama anasema, dada anaandika. Mie nilipita na kopo langu kwenda kwa jirani, nimejaa fahari na haja kubwa kwa pamoja, sijui nisikilize ipi.

Baada ya wiki mbili kiongozi akaniita. Akasema zege wamemaliza kulipima, watalifukia kwa mchanga, lisivunjwe. Choo tutachimba kwingine. Ua wetu siyo wa kukimbilia farasi. Ukitoa nyumba, jiko, choo cha zamani kilichotitia na hilo zege, inabaki kona moja tu ya nyuma karibu na michongoma. Nikasema sawa, hapo hapo. Nikamwita fundi aje Jumatatu.

Jumatatu alfajiri wakaja wao kabla ya fundi. Wakapigilia vigingi na kamba kwenye ile kona.

"Hapa mnatafuta nini tena?"

"Mizinga," akasema kiongozi. "Inaonekana kituo kilikuwa na ulinzi wa mizinga miwili. Tumepata ushahidi wa mdomo."

Ningemuuliza mdomo wa nani, yote yangeisha siku ile. Sikuuliza. Kituo cha vita, mizinga, mie niliona inaingia akilini. Fundi alipofika nikamrudisha na aibu yangu. Kiongozi akasema wiki moja tu. Ikaisha, akasema nyingine. Shimo likazidi kwenda chini, halitoi mzinga, halitoi hata msumari. Kila jioni alikuwa anakunjua ramani yake, anakuna shingo.

"Kwenye ramani haimo," alikuwa akiniambia, kana kwamba mie ndiye niliyeichora. "Lakini ushahidi uko wazi kabisa."

Wakati huo jirani alikuwa amesikia neno rada, na akalipenda. Nikibisha hodi tu, kabla sijasalimia: "Shoga, rada imekuelekeza huku tena?" Siku nyingine mbele ya wageni wake: "Hawa wana mtambo wa kuona mpaka Bombei, lakini choo hawajakiona." Wageni wakacheka. Nikacheka na mie, maana ufunguo anao yeye.

Halafu ikaja siku jirani alipokwenda msibani akasahau, akaondoka na ufunguo. Mie nilikuwa sokoni. Mama mkwe alikwenda na magoti yake, akabisha hodi, akasubiri, akaanza kurudi. Hakufika. Nilimkuta amejifungia chumbani, amefua kanga yake mwenyewe na kuianika dirishani kwa ndani ili mtu asiione.

"Usimwambie mumeo," akaniambia.

Nikamwandalia chai, akakataa. Ndipo nikagundua kwamba siku nyingi hanywi chai asubuhi, wala maji mchana. Anasubiri jioni, giza likiingia anywe kidogo, ili asihitaji kwenda. Mtu mzima, mwenye nyumba yake, kwenye jua la Dar es Salaam, hanywi maji. Na nje watu wazima wengine wanachekecha mchanga kwenye chekeche, wanautazama kwa makini, wanaumwaga.

Siku mbili baada ya hapo ndipo mwanangu alipochuchumaa kwenye muktadha. Sasa mnajua kwa nini niling'oa vigingi.

Kiongozi alikuja mbio, kofia mkononi. "Mama, tuongee taratibu."

"Nimeongea taratibu wiki zote. Leo fukia hilo shimo, fundi wangu aje."

"Mama, hii ni historia yenu nyie. Siyo yetu."

"Kama yetu, basi nairuhusu iondoke."

Yule dada wa chuo, bado na kijiko cha sampuli mkononi, akajitetea kwa sauti ndogo. "Lakini dada, habari za mizinga mmesema nyie wenyewe. Bibi ndiye aliyetuambia."

"Bibi gani?"

Akachukua daftari, akafungua ukurasa, akasoma. Nayakumbuka maneno kwa sababu nilimwambia arudie. "Baba alikuwa na mizinga miwili pale kwenye kona ya michongoma. Mchana imetulia. Ukiisogelea vibaya inavuma. Wazungu wenyewe walikuwa wakiiogopa, mmoja alikimbia mpaka akapoteza kiatu. Huigusi mpaka upulize moshi kwanza."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na mtoto kiunoni.

"Sasa nyuki utawagusaje bila moshi?" akauliza.

Kiongozi akainamia ukurasa ule.

"Nyuki?" akasema kiongozi.

"Mizinga ya baba ya nyuki. Alikuwa anarina asali, anawapelekea hao Wazungu wa redio, wananywea chai. Nyie mlidhani mizinga gani?"

Fundi cherehani alikuwa wa kwanza kucheka, halafu akageuza iwe kikohozi. Yule dada alifunika uso kwa daftari. Kiongozi aliangalia mtaro, akamwangalia mama, akaangalia mtaro. Mie sikucheka. Nilijua inachekesha, nilisikia kabisa kwamba inachekesha, lakini kicheko hakikuja. Nilikuwa naona ile kanga dirishani.

"Haya," nikasema. "Hakuna mizinga. Fukieni."

"Kuna tatizo dogo, mama."

Tatizo dogo lilikuwa hivi. Taarifa ilishakwenda ngazi za juu. Kona yetu imeshaandikwa, kwa Kiingereza, kuwa eneo la mizinga ya vita, na mtaro uliofunguliwa kwenye eneo lililoandikwa haufukiwi wala hauguswi mpaka ije barua ya kuruhusu. Barua inakuja lini, yeye hajui. Ataandika kuomba masahihisho. Alikuwa ameona aibu, hilo nakiri, aibu ya kweli. Lakini akaongeza, "Na mama alisaini ridhaa."

"Nilisaini choo!" mama mkwe akapiga kelele. Sijawahi kumsikia akipiga kelele kabla ya hapo. "Mliniambia nyie ni watu wa choo!"

"Chuo, mama."

"Ndiyo, choo!"

Nikavaa kanga ya pili, nikaenda ofisi ya serikali ya mtaa. Mtendaji alikuwepo, kijana tu, shati limenyooka, fomu zimejaa mezani. Akanikaribisha kiti, akachukua kalamu.

"Lalamiko la nini, dada?"

"La choo."

"Afya, basi." Akaanza kuandika.

"Kimezuiwa na watu wa chuo."

Akafuta. "Elimu?"

"Kwa sababu chini kuna rada."

"Hapo sasa ni ulinzi na usalama, sie hatuwezi kuingilia."

"Rada ni ya zamani. Na wameimaliza. Wanachosubiri sasa ni mizinga."

"Mizinga!"

"Ya nyuki."

Akaweka kalamu chini, akajifuta uso. Hakuwa mbaya. Alichanganyikiwa kama nilivyochanganyikiwa mie, tofauti ni kwamba yeye ofisini kwake kuna choo. "Dada, kaandike," akasema. "Andika yote, tangu mwanzo. Ukishaandika ndipo tutajua lalamiko hili ni la nani."

Niliandikia kwenye meza ya fundi cherehani. Barua ya kwanza niliichana, ilikuwa matusi. Ya pili nikaichana pia, maana nilimlaumu yule dada wa chuo, na nilipoisoma nikakumbuka jinsi alivyofuta kadi yake na kuandika bao. Nilikaa muda sijui nimshitaki nani. Kiongozi hakudanganya. Mama mkwe hakudanganya. Mwanangu hakukosea. Waingereza wameshaondoka. Hii hapa ni ya tatu, na ndiyo niliyoipeleka.

*Kwa Afisa Mtendaji wa Mtaa,*

*YAH: MALALAMIKO YA KUZUIWA KUCHIMBA CHOO KWA SABABU YA MIZINGA AMBAYO ILIKUWA YA NYUKI*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa mtaa huu, mama wa mtoto mmoja, naishi kwa mama mkwe wangu ambaye ndiye mwenye nyumba. Choo chetu kilititia baada ya mvua. Tulipochimba kipya tulikuta zege la rada ya vita. Watu wa chuo walilifukua na kulipima. Kwa hilo sina lalamiko, na zege tutalitunza.*

*Lalamiko langu ni la mtaro wa pili. Ulichimbwa mahali pekee palipobaki kwetu pa kuweka choo, kwa sababu mama mkwe alisema baba yake alikuwa na mizinga, na aliyeandika hakuuliza ni mizinga ya nini. Ilikuwa ya nyuki. Mama mwenyewe ameeleza hivyo mbele ya mashahidi, akiwemo kiongozi wa uchimbaji. Pamoja na hayo tumeambiwa tusiguse mpaka ije barua ambayo hakuna ajuaye itatoka lini.*

*Pia mama mkwe alisaini karatasi akiamini waliokuja ni watu wa choo. Ni watu wa chuo. Tunaomba karatasi hiyo isomwe tena mbele yake, polepole, akiwa amekaa.*

*Tunaomba: taarifa iliyopelekwa isahihishwe iandikwe nyuki. Mtaro ufukiwe, au kama kuufukia hakuruhusiwi, basi uachwe kama ulivyo na tuujengee, maana kina chake kinatosha na kingo wamezinyoosha vizuri kuliko fundi wangu. Hili silisemi kwa mzaha.*

*Sijui barua hii inamhusu nani, na ofisini kwako pia hamjui. Kwa hiyo naileta kwako kwa sababu ofisi yako ndiyo niliyoweza kufika kwa miguu. Mama mkwe wangu ni mtu mzima na kwa sasa hanywi maji mchana. Naomba jibu kwa maandishi.*

*Nimeandika mwenyewe kwa mkono wangu na nimesaini. Nakala ninayo, naomba igongwe muhuri wa kupokelewa nikiwa hapa hapa nimesimama.*